Masika ya Papa na Viazi

Jumapili, 6 Aprili

Mimi Ruwa wa Mramba, mgema wa Kaloleni, mkaazi wa Mtopanga tangu huku kukiitwa porini, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi nilifunzwa ngumbaru, mvi zishatoka, na mwalimu akasema hajapata kuona mzee mwenye kichwa chepesi kama changu. Naandika kwa kuwa leo nimetukanwa ndani ya nyumba niliyoijenga kwa nazi, na tusi lisipoandikwa hupoa. Mimi sitaki lipoe.

Amekuja Erastus, baba yake Nyambura mke wa mwanangu Lewa. Ametoka Kinangop na lori la viazi. Dalali wake wa soko la Kongowea amemchezea, basi mwenyewe ameamua kukaa hapa kwetu auze kwa macho yake hata masika yaishe. Amepewa chumba cha mbele. Chumba cha mbele ni changu.

Mchana baada ya kanisa nilijipikia ng'onda, samaki mkavu, kwa tui zito, kwani Nyambura hanipikii nazi. Yeye afanya kazi duka la dawa, na kila kitu kitamu kwake ni presha. Nikaweka bakuli mezani. Erastus akaziba pua. "Mzee, hiyo nyoka ya maji mimi siwezi kaa nayo kwa meza moja." Nikadhani ni utani wa wakwe. Nikaenda kunawa. Kurudi, bakuli halipo. Nyambura amelitoa nje, na paka watatu wa jirani wanalamba tui langu.

Lewa alikuwa anatazama sahani yake ya githeri. Hakuinua uso.

Basi naapa. Kabla masika hayajakatika, Erastus atakula samaki kwa mdomo wake, ataomba aongezwe, kisha nitamwambia mbele za watu. Haki ya Mungu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Githeri.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Githeri, na kabichi juu yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Ukipita mtaa huu jioni huna haja ya kuuliza nani aishi wapi, pua itakwambia. Nyumba ya Mwanasaumu yanukia iliki na mbaazi za nazi. Wakamba wa kona hukoboa mahindi na kupika muthokoi. Wale vijana wa zamu ya usiku bandarini hula sima na matumbo alfajiri, wakati wastaarabu wanywa chai. Na nyumba yangu mimi, Ruwa, yanukia maji ya moto. Mahindi na maharagwe ya githeri hata sisi twala, twaita pure, lakini yapikwa kwa tui hata mtu husahau deni. Hawa huchemsha, wakatia chumvi, wakashukuru Mungu.

Nilimwuliza Erastus ulimi wake una kosa gani. Akacheka. "Mzee, wewe umelelewa na jua. Mimi nimelelewa na baridi. Asubuhi kwetu nyasi ni nyeupe kama unga. Mtu anataka kitu ikae tumboni mpaka jioni, si kitu ya kunukia."

Nikamwuliza, na samaki alikukosea nini?

"Kwetu kijana akila samaki, wenzake hawampi hata kikombe ya chai, wanaona kinyaa."

Nikasema moyoni, utakosa kikombe basi.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimejua vita hivi si vya bakuli tu. Erastus amemwambia Lewa mezani, mimi nasikia: "Kijana, kazi ya bandari imekuwa kidogo. Kuja Kinangop nikupatie shamba ya viazi. Mje na Nyambura, mtulie."

Nilingoja mwanangu aseme hapana. Akauliza kama kule baridi ni kali sana.

Kisha akaomba aongezwe githeri. Lewa! Niliyemlea kwa nazi, niliyekuwa nikikwea minazi thelathini kwa siku nikimsomesha! Mtu huhama kwa mdomo kwanza, miguu hufuata baadaye. Erastus asipoondoka hapa kwa aibu, ataondoka na mwanangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejaribu pilipili. Nilisaga pilipili kichaa kumi na mbili nikazitia kwenye mchuzi wake wa viazi. Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka, akapiga meza. Nikajisemea, huyo kwaheri. Asubuhi amekuja kunishika mkono, eti kifua kilikuwa kimeziba tangu mwezi wa pili, leo kimefunguka. Kaniita daktari.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mbuzi wa kuchemsha. Mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda kwa Mwanasaumu nimweleze shauri langu. Yeye hupika papa wa kupaza, wa kupondwa hata awe nyuzi, hakuna mfano wake Kisauni nzima. Nikabisha hodi.

"Abee, baba Ruwa. Karibu, pita hapo pasipovuja."

Nikamwambia: nipikie papa, umpaze vizuri hata asionekane samaki, nimlishe mkwe wangu nimwambie ni kuku.

Akaweka mwiko chini. "Wallahi hapo umenikosa. Mimi kula najua ni amana. Mtu amekaa kitako, amekuaminia tumbo lake, nawe umdanganye? Mimi nikipewa nguruwe nikaambiwa mbuzi, ningekushitaki kwa Mungu siku ya kiama."

"Samaki si nguruwe."

"Kwako wewe."

Basi nikamwambia nitapika mwenyewe. Akasema, "Pika. Lakini mkono wangu haumo, na nazi yangu haimo." Hata hivyo alinitajia kwamba ndimu zisipungue tatu, shombo ikatike. Mpishi hawezi kujizuia.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku kubwa. Nyambura yuko kazini, Lewa ametoka kutafuta kibarua. Nilimchemsha papa, nikamvua ngozi, nikamkamua maji yote kwa kitambaa hata mkono ukauma, nikampaza kwenye kinu. Nikakalia mbuzi, nikakuna nazi mbili. Vitunguu, bizari, ndimu nne badala ya tatu, kwa kuwa mimi si mtu wa kupungukiwa. Likakauka tui hata nyama ikawa kama nyuzi. Marehemu Kafedha mke wangu angeliona, angelinipigia vigelegele.

Erastus aliingia saa saba kutoka Kongowea, matope hadi magotini. Nikamwekea na wali.

"Hii ni nini, mzee?"

"Kuku wa kusaga. Mapishi ya kwetu."

Akala. Tonge la kwanza polepole. La pili haraka. La tatu akavua kofia. "Mzee," akasema, "mimi nimekula kuku maisha yangu yote, na hakuna siku kuku ilikuwa kuku."

Mimi sikutia hata chembe mdomoni. Nilikaa kando namtazama. Sikutaka kupunguza hata uzi mmoja wa kisasi changu. Chote kilikuwa chake.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Papa. Amekula.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Papa. Amekula, akakwangua sufuria kwa kijiko.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua kubwa, choo cha jirani kimefurika. Papa. Amenenepa huyu. Ameniuliza kuku hawa nawanunua wapi, apeleke mbegu Kinangop. Nilikwenda uani kucheka.

Jumanne, 6 Mei

Jioni kwenye githeri alimwambia Lewa, "Baba yako ni mtu mzuri sana. Tukienda, tutamkosa." Amesema tukienda. Si mkienda. Amewahesabu tayari.

Basi. Jumapili hii.

Jumapili, 11 Mei

Naandika kabla utamu haujapoa.

Erastus aliwaalika watu wa kanisa lake, na wenzake wa viazi, waombee safari yake ya kurudi. Sebule ikajaa, wengine wakasimama barazani. Alikuwapo pia Kazungu, mzee wetu wa nyumba kumi, na majirani wa pwani waliokuja kwa heshima yangu mimi. Baada ya sala Erastus akasimama kunisifu. Akasema amekula kuku wa mzee Ruwa hata amesahau nyumbani.

Nikainuka. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nikiitia watu kutoka juu ya mnazi:

"Erastus! Nimekulisha kitu. Tangu mwezi uliopita nakulisha kitu usichokijua, na umekila chote."

Kisha nikanyamaza kidogo, nifaidi. Mvua ilikuwa ikigonga bati.

"Papa! Nyoka wako wa majini! Sahani kwa sahani, na ukoko juu!"

Wale wenzake wa viazi walilipuka. Mmoja alijipiga mapaja, "Wuui, Erastus! Mvuvi!" Mwingine akamwuliza kama ameanza kuota mapezi. Erastus alitoka mbio, na sauti ya kutapika ilisikika hata barabarani. Nyambura alilia. Lewa alinitazama kama ndiyo kwanza aniona.

Nimeshinda. Hakuna mzee Mtopanga aliyepata kulipa kisasi kama hiki.

Lakini majirani wangu wa pwani hawakucheka. Kazungu aliaga mapema, na alipokuwa akiaga hakunipa mkono. Alitazama mvi zangu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimelala kama mtoto.

Jumanne, 13 Mei

Erastus ana homa, atetemeka kitanda kizima. Wamempeleka hospitali. Nyambura asema kipimo kimeonyesha malaria. Watu wa baridi hawajui mbu. Mimi sihusiki.

Jumatano, 14 Mei

Nilikwenda bombani na ndoo. Wanawake wawili wa Kigiriama waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya kanga. Nikasalimu, wakajibu wakitazama maji.

Mwanasaumu aliniita mlangoni pake. "Baba Ruwa, nikuulize, na usinikasirikie. Ulipompa kile chakula, ulionja?"

Nikasema nilimwachia chote.

Akashika kichwa. "Wagiriama wenzako wanasema umekiri kwa mdomo wako. Nimekulisha kitu. Na mtu yuko hospitali. Wale vijana wa kule juu mtaani hawazungumzi jingine."

Alhamisi, 15 Mei

Sasa niandike vizuri, kwa kuwa hili ni zito.

Sisi wagema tuna ada moja kabla ya zote. Ukimtilia mtu tembo la mnazi, wewe hunywa kwanza. Mbele yake, aone koo lako linashuka. Hata awe ndugu yako, hata awe mtoto. Ndiko kuondoa uchawi kwenye kata. Chakula cha mgeni vilevile, mwenyeji humega kwanza. Mimi nimetilia watu miaka arubaini, na sikupata kumpa mtu kata kavu, nisiyoionja.

Nami huyu huyu nikamlisha mkwe wangu majuma mawili, sijatia chembe mdomoni, kisha nikasimama na mvi zangu mbele za watu nikasema nimekulisha kitu. Watu wa bara walisikia samaki. Watu wangu walisikia uchawi.

Na mimi najua mwisho wake. Kule kwetu ami yangu Changawa alikatwa kwa panga mlangoni pake kwa neno dogo kuliko hili. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mvi zilikuwa ushahidi.

Lewa amekuja chumbani leo. Hakukaa.

"Baba, ulikula naye?"

"Sikula."

"Hata siku moja?"

"Ilikuwa kisasi, Lewa. Kisasi hakiliwi na wawili."

"Baba, wananiuliza njiani. Niwajibu nini?"

"Waambie baba yako ni Ruwa."

Akasema, "Ndilo ninalowaambia," akatoka. Sikulipenda jibu lile. Nimeligeuza jioni yote.

Ijumaa, 16 Mei

Sikutoka. Jiwe moja limetua kwenye bati. Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Kazungu amekuja, amesimama uani, mwavuli mkononi. Hakukubali kiti.

"Mzee wangu, nimewazuia vijana hadi kesho, zaidi siwezi. Fanya hivi. Pika kile kile, uani, kila mtu aone kinachoingia sufuriani. Uonje mbele za watu. Na yule uliyemlisha, akikubali, ale tena kutoka mkononi mwako. Hapo neno litakufa."

"Na asipokubali?"

Alikunja mwavuli akaukunjua tena.

Kwa hiyo maisha yangu yamo kwenye mdomo wa Erastus, niliyemwaibisha mbele ya kanisa lake. Ametoka hospitali leo. Sitamwomba. Ruwa wa Mramba haombi mla viazi.

Nyambura ndiye aliyekwenda kumwomba, bila kunambia. Nilisikia sauti zao chumba cha mbele, Kikikuyu kitupu. Yule msichana aliyewapa paka kitoweo changu alikuwa analia kwa ajili yangu. Andika hilo, Ruwa, hata kama hulipendi.

Jumapili, 18 Mei

Uani palijaa. Wengine walipanda ukuta. Mwanasaumu aliyesema mkono wake haumo, alikuja na nazi zake mwenyewe na kinu, akakaa karibu yangu. "Leo ni wazi," akasema, "leo nimo." Nikampaza papa, kila mtu aona. Nikatia ndimu, nikaitaja. Nikatia bizari, nikaitaja. Nilijiona kama mwizi anayeonyesha mifuko.

Nikamega, nikala. Nikafungua mdomo Kazungu atazame.

Kisha wakamngoja Erastus. Alitoka amejifunika koti zito, ameisha mashavu. Akakaa kwenye kigoda, akalitazama lile bakuli muda. Nilijua anafaidi, kama nilivyofaidi mimi. Ni haki yake. Ningekuwa yeye ningekaa hadi jioni.

Akasema, "Nyinyi watu, nisikilizeni. Mimi nimepigwa na mbu, karatasi ya hospitali ninayo. Huyu mzee ni mbaya. Amenidanganya, amefanya watu wanicheke, na pilipili yake sijasahau. Lakini mimi alinilisha samaki. Samaki tu." Akamega tonge kubwa. Akatafuna. "Tena ni tamu," akasema, "Mungu anisamehe."

Watu wakapumua. Mtu mmoja akacheka ukutani. Nikadhani yamekwisha.

Kazungu akasema, "Na wa nyumbani aonje, tumalize. Lewa."

Mwanangu akaja, akapiga magoti mbele ya bakuli. Nikampelekea tonge kwa mkono wangu. Mkono huu huu uliomlisha tangu hajaota meno.

Akasita.

Alimtazama Erastus kwanza, kama mtu atazamavyo mwenzake akivuka mto, aone kama maji yanampata shingoni. Alipomwona Erastus amekaa mzima, analamba vidole, ndipo akafungua mdomo.

Wengine hawakuona, walikuwa wakinyanyuka, wakinipa mikono. Kazungu alinipa wake. Mimi niliona.

Jumatatu, 19 Mei

Erastus alikuja barazani na chai. "Mzee, tumelipana?"

Nikamwambia, wewe na mimi tumelipana. Tukanywa. Nilimega andazi langu mbele yake, yeye akamega lake mbele yangu. Mtu wa bara, lakini hujifunza.

Jioni nilimwita Lewa. Nikamwambia, "Lori la baba mkwe wako laondoka Jumatano. Panda."

"Baba, mimi nilikuwa nimeamua kubaki. Nimeshamwambia Nyambura. Baada ya haya siwezi kukuacha."

"Panda."

"Kwa nini?"

Nikamwambia: mgeni alikula bila kutazama mtu. Wewe ulitazama.

Hakukana. Angekana, labda.

Jumatano, 21 Mei

Wameondoka. Mvua. Nyambura aligeuka mara nyingi dirishani. "Twende wote, baba," aliniambia. Ameanza kuniita baba. Nikamwambia kule minazi haioti.

Ijumaa, 23 Mei

Pure ya nazi. Nyingi mno kwa mtu mmoja.

Jumapili, 8 Juni

Masika yamekatika, uani pamekauka. Lewa amepiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umekula nini leo?"

"Biriani ya nguru, na wageni kumi," nikamwambia. Nilikuwa nimekula muhogo.

Akasema kule ni viazi asubuhi, viazi jioni, na usiku akifumba macho anaona tui. Nikamwacha aseme. Kisha akasema, "Baba, mzee Erastus amekuja na kifurushi kwa lori. Hufunga mlango wa jikoni akala peke yake, majirani wasijue. Mimi nimeinusa. Ni papa. Ni wewe uliyemtumia?"

"Ni mimi."

"Nami nitumie, baba."

Nikamwuliza, "Nikikutumia, nani aonje kwanza?"

Nilisikia upepo wa kule kwenye simu. Nikakata.

Papa mkavu nilimtumia Erastus wa kutosha hadi vuli, na salamu kwamba mwanangu asipewe hata mfupa. Amenijibu kwamba amri imefika, mlango anaufunga vizuri. Lakini harufu ya papa haijui mlango, na chumba cha Lewa kimegusana na jikoni ile. Nilimwuliza Nyambura hilo kabla sijatuma, kwani Lewa na mimi bado hatujalipana.